Uzinduzi wa Mfereji wa Kiandari

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye angependa sana kuwa hapa. Chifu wetu, naibu wake, na shemeji ya naibu wake. Mchungaji aliyetuombea na Ustadhi Swaib aliyekubali dua yake ifupishwe. Wenyeviti wa kamati, makatibu wa kamati, na nyinyi wanakamati ambao kamati zenu bado hazijaundwa. Wakulima wa muguka. Kinamama wa vikundi. Vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima, na wewe pale ambaye hujazima. Pamoja na mitungi ya njano na mitungi ya buluu iliyopanga foleni tangu alfajiri kwa niaba ya wenyewe: itifaki yote imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. Hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo, jua ni kali.)

Mimi ni Mkurugenzi Muchangi, wa Idara ya Ustahimilivu, Uratibu na Uendelezaji wa Masuala ya Ukame, na nimekuja kuwafungulia mfereji huu wa bomba mnaouona ukimetameta hapa mbele, umefungwa utepe shingoni. Nazijua desturi zenu. Wakati wa kiangazi mtu wa hapa huacha mtungi wake kwenye foleni, akaweka jiwe juu yake, akaenda zake shambani, na hakuna wa kuuruka. Idara yangu imeiheshimu desturi hiyo kiasi kwamba maafisa wangu wameuhesabu kila mtungi kuwa ni kaya iliyofikiwa na maji, na kwa takwimu hizo, kufikia saa nne asubuhi ya leo, Kiandari ilikuwa imefikiwa kwa asilimia mia moja na nane. (Mtu mmoja anapiga makofi, kisha anaacha.) Hiyo nane ni ya wageni kutoka Siakago.

(Mama mmoja aliyeshika kamba ya punda anasimama: "Muheshimiwa, mimi naitwa Gladwell. Punda yangu haijakunywa tangu jana, na ng'ombe iko nyumbani imezaa juzi, haina maziwa ya ndama juu ya kiu. Nikienda mto saa hii nitarudi kabla giza. Hii mfereji iko na maji ama niende?")

Swali zuri sana, mama yangu, swali la kitaalamu, na kwa sababu ni zuri nitalijibu mwishoni. Keti. Ndugu zangu, kabla hatujauliza maji yako wapi, tujiulize kwanza ukame ni kitu gani. Nyinyi mkisikia ukame mnaangalia juu. Hiyo ni analisisi ya zamani. Mimi nimepelekwa semina ya siku nyingi katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, na nilipokuwa ndani ya lile bwawa nilifunuliwa kwamba ukame una sura nyingi. Kuna ukame wa mifuko, ambao hufika Januari bila kualikwa. Kuna ukame wa mabao, maana timu yenu haijaona wavu tangu Pasaka, na mshambuliaji wenu Rwamba namwona anajificha nyuma ya mitungi. (Kicheko. Rwamba: "Ile moja ilikuwa bao, refa ndiye alikuwa na njaa.") Kuna ukame wa wachumba: kijana wetu Mutugi amejenga, amepiga rangi, amenunua hata pazia, na bado kila akimwandikia msichana anajibiwa "sawa" peke yake. (Kicheko kikubwa. Kinamama wanasukumana mabega.) Sasa mimi nina bajeti moja tu ya ukame. Nikiimwaga yote kwenye huu wa mvua, nitakuwa nimemtendea haki Mutugi? (Hapana. Mutugi: "Hata kidogo.") Ndiyo sababu, kwa busara na kwa kufuata masta plani, tulianza na jezi, tukafuata na kongamano la wachumba kule Meru, ambalo walihudhuria wanaume watupu. Nitasema ama nisiseme? (Sema.) Katika kipindi changu chote ofisini, ukame wa hotuba haujawahi kuripotiwa katika eneo hili!

(Gladwell: "Mimi niliuliza ile ya maji.")

Nakuja hapo, mama, niko karibu. Maji yatateremka yenyewe kutoka mlimani, bila pampu, bila kusukumwa, kwa sababu maji ya kwetu ni ya kizalendo, na yakifika hapa kila nyumba itachagua ya baridi au ya vuguvugu, punda watastaafu kwa heshima, na ndama wa Kiandari wataoga mara mbili kwa siku wakitaka na wasipotaka. (Mwenye mtungi wa mbele anaondoa jiwe, anaubeba mtungi wake na kuondoka. Wa pili anamfuata, na wa tatu.) Naona foleni imeanza kusonga, ishara tosha kwamba huduma zetu ni za haraka. Kwa mamlaka niliyopewa, sasa naufungua rasmi. (Anakata utepe. Anashika mfereji na kuuzungusha. Bomba zima linazunguka pamoja na mkono wake, kisha linang'oka.) Mmeona wepesi wake? Hiyo ni tekinolojia. Wapiga picha, mmenipata nikiwa nimeushika? Vizuri.

(Gladwell anamvuta punda: "Basi mimi naenda.")

Mama, subiri kidogo, tumebakisha kaulimbiu. Nikisema Kiandari, semeni haina kiu. Kiandari! (Bodaboda wawili: "Haina kiu.") Ukame! ("Ushindwe.") Maendeleo! ("Wapi?")

Kwa hayo machache, natoa shukrani. Namshukuru Bwana Mutegi wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyetuazima mfereji huu na kipande chake cha bomba, na ambaye ameshatuma kijana kuvichukua maana amepata mteja. Nawashukuru wahandisi wa mradi, ambao tutawaajiri pindi mradi utakapobuniwa. Nawashukuru wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta tukishapata picha za leo. Na namshukuru mwenye shamba hili, ambaye nasikia hajui tuko hapa. Mama Gladwell, jibu lako ni hili: nenda mtoni. Tena nenda haraka, na ukirudi upitie hapa uniachie mtungi mmoja, kwa sababu dereva wangu ananinong'oneza kwamba rejeta ya gari imekauka kabisa na hatuwezi kufika hata Siakago.

(Gladwell ameshavuka barabara: "Yangu ni ya ndama, Mkurugenzi. Punda haina nafasi.")

Basi ningoje, mama. Ngoja nivue koti, tuandamane. Huo mto uko upande gani?