Bunda la Posa na Nyumba ya Udongo

Redio ya Shamima ndiyo iliyotuchokoza. Mtangazaji alisema wataalamu wa ujenzi wanataka watu wapunguze simiti, kwa sababu viwanda vyake vinatoa moshi mwingi unaopasha dunia joto. Heri kujenga kwa udongo, mbao na vitu vya karibu. Shamima, mwenye kibanda cha chai hapa sokoni Kianjai, akaizima redio ili tupige kelele vizuri.

"Uongo mtupu!" Khalifa akagonga meza, mandazi yakaruka. Yeye ana buchari ng'ambo ya barabara, na tunamwita Mfupa kwa sababu ukibishana naye meno yako ndiyo yanayoumia. "Mimi nimejenga buchari ya simiti, vioo kutoka chini hadi juu. Nimempasha nani joto?"

"Umepasha nyama," Shamima akajibu. "Jana nilinunua maini kwako. Nilipofika hapa yalikuwa yanadai chumvi tu."

"Hiyo ni huduma! Unaokoa kuni!"

Mwalimu Kailemia, aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha watu, akainua kidole. "Mtulie. Pale Nchiru kuna hosteli mpya, vioo vitupu. Binti wa ndugu yangu anakaa humo. Ananiambia akitoka kuoga hahitaji taulo. Akifika mlangoni amekauka, akifika kitandani ameanza kuiva."

Mimi nikasimama, maana neno lilikuwa limenifika kooni:

"Ukuta wa mawe jiko, mwenye nyumba ni mkate,
Asubuhi ukimwona, ameiva kote kote!"

"Kaa chini, malenga," Mfupa akanivuta shati. "Chai yako inapoa, na wewe ndiwe uliyeipuliza."

Wote wakacheka isipokuwa Kithinji. Huyu tunamwita Bwana Udongo. Alienda kusomea ujenzi akarudi na mashine ya mkono ya kushindilia matofali. Anachimba udongo mwekundu wa shamba lake, anatia simiti kidogo kama chumvi kwenye sufuria ya githeri, anashindilia, anaanika kivulini. Hachomi hata ukuni mmoja. Nyumba yake iko hapo nyuma ya kibanda: kuta nene, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, paa limetokeza mbele kama kofia ya askari. Imekwisha. Imebaki mke tu.

"Bwana Udongo, redio imekusifu asubuhi yote na wewe umenuna?" Shamima akamuuliza.

"Redio haina binti. Mzee Kiogora amerudisha bunda."

Shamima akaweka birika chini. Kwetu ukitaka mke unampelekea baba yake bunda la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba. Akilifungua akatafuna, amekubali. Akilirudisha bado limefungwa, tafuta kwingine. Na Mzee Kiogora wa Maua, baba yake Kananu, hadanganyiki kwa miraa. Ndiyo biashara yake. Pikapu zake hukimbia Nairobi kabla jogoo hajakohoa.

"Alirudisha lini?"

"Juzi. Alilisukuma ndani ya mlango wangu kwa mguu, akasema binti yake haolewi kwenye kichuguu. Nikamwambia, mzee, karibu uone ndani. Akasema mahali mchwa amekataa kuingia, yeye ni nani? Leo anapita kusikia kama nitavunja nijenge ya mawe. Nisipovunja, nimsahau Kananu."

"Vunja!" Mfupa akapaza sauti. "Mtu haoi kwa tope!"

"Wee Mfupa," Shamima akamkazia macho, "nyumba ya babako ilikuwa ya nini?"

"Ya udongo. Ndiyo maana nilihama."

"Ulihama ukiwa na nywele. Hebu vua kofia tuone simiti imekufanya nini."

Mwalimu akainua kidole tena. "Iko njia ya katikati. Tupake plasta nyembamba hapo nje, tuchore mistari, ionekane mawe. Kwani ni nyumba ngapi hapa Meru za mawe ya kuchora?"

"Simiti tutatoa wapi saa hii?"

"Shamima ana jivu."

Hoja ikapita bila kupingwa. Ndoo ikaletwa, jivu likamwagiwa maji, Mfupa akakimbia kwake akarudi na mfupa wa paja wa kukorogea. Kithinji akasimama mlangoni kwake, mikono ameitanua.

"Baite, jamaa zangu, hakuna mtu anapaka nyumba yangu jivu! Nimejenga udongo, nitaposa na udongo!"

Hapo hapo pikapu ikafunga breki. Mzee Kiogora akashuka, jasho likimtiririka, anajipepea kwa kofia.

"Muga," akatusalimu.

"Muga muno," tukaitikia. Mfupa akaikalia ndoo.

"Kijana, unavunja?"

"Sivunji, mzee. Kananu nampenda, Mungu anajua. Lakini nikianza ndoa kwa kuvunja nyumba nzima, nitamaliza kwa kuvunja nini?"

"Basi lete lile bunda. Nampa huyo mbuzi wa kibandani alile mbele ya hawa mashahidi, maneno yaishe."

Kithinji akaingia, akatoka nalo polepole kama mtu aliyebeba maiti. Mzee akakata kamba. Mbuzi wa Shamima alikuwa tayari amefungua mdomo. Mzee akafunua majani. Akanusa. Akachomoa kijiti kimoja, akakivunja. Kikalia *tak!*

"Umebadilisha hii. Miraa ya juzi hailii hivi."

"Kamba ni ile ile, mzee. Sijaligusa. Wewe ungetaka kushikashika bunda lililokukataa?"

Mzee akabandua ganda kwa meno. Akatafuna. Mbuzi akafunga mdomo.

Akaingia ndani bila kukaribishwa, sisi nyuma yake. Akaweka kiganja ukutani, kisha shavu, kisha akafumba macho.

"Hii friji unaiwasha wapi?"

"Hakuna friji, mzee. Ukuta ni mnene, na upepo unapita."

"Wueh! Miraa yangu hunyauka Maua gari halijawashwa!" Akachomoa kijiti kingine, na kingine.

Mfupa naye alikuwa amebandika shavu ukutani. "Bwana Udongo," akanong'ona, "na nyama je?"

Shamima hakumngoja ajibiwe. Alipiga vigelegele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. "Mzee, umetafuna!"

"Nimeonja tu."

"Umetafuna bunda la posa," Mwalimu akasahihisha. "Mashahidi ni wanne. Na mbuzi."

Mzee Kiogora akatazama vijiti mkononi, akatutazama sisi, akameza. "Haya. Kananu ni wako."

Kithinji akaruka juu, akamkumbatia hadi kofia ikaanguka.

"Lakini nyumba hii ni ya miraa," mzee akaendelea. "Mzigo wa kwanza unaingia kesho."

"Na sisi tutaishi wapi, baba?"

"Kwangu Maua. Nyumba ya mawe, mabati juu, vioo pande zote. Nawaachia yote. Mimi na mama yake tulishahamia banda la ng'ombe, huko kuna hewa."

Kithinji akatoka nje, akajikalia juu ya ndoo ya jivu, mikono kichwani.

"Baba mkwe, tafadhali, nirudishie bunda langu."

Mzee akakung'uta majani ya mgomba. Hayakuwa na kitu tena. Akamtupia mbuzi.

"Ungesema mapema," akasema, bado anatafuna.