Tiketi ya Sampuli

Dullah Marijani wa Magomeni, wakala wa kuagiza mizigo China, hakuwahi kuonyesha mtu kitu kibaya. Hilo alikuwa akiliapia, na tumtendee haki: kila sampuli iliyopita mkononi mwake pale Guangzhou ilikuwa safi. Viatu vya sampuli vilikuwa vya ngozi inayonukia mpaka unamwonea huruma ng'ombe. Simu ya sampuli ilishika chaji kutwa na usiku wake. Ni kontena tu ndilo lililokuwa na tabia zake. Likishaondoka bandari ya Huangpu, huko njiani sijui linaingiliwa na nini, maana likifika Dar viatu vinabanduka soli mteja hajavuka barabara. Mwenye mzigo akipiga simu anasikia sauti tamu: "Inshallah dadangu, tutawasiliana." Baada ya hapo namba hiyo inafariki dunia.

Mchana mmoja Dullah alikuwa Xiaobei, mtaa wanaokaa Waafrika wengi, ndani ya mkahawa wa Waislamu wa Kichina. Anakula tambi za nyama ya kondoo huku akimtabasamia mwenye mkahawa, maana hayo ndiyo malipo aliyokuwa nayo. Pikipiki yake nyekundu ya umeme, mali pekee aliyoipenda kwa moyo wote, ilikuwa imeegeshwa nje anaiona. Mara akasikia mwanamke analia kwa Kiswahili.

Mtu mwingine akisikia kilio huona huzuni. Dullah alisikia duka linafunguliwa.

Aliyelia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kavaa dera la zambarau na mtandio wa zambarau, mbele yake simu yenye kava la zambarau. Aliitwa Swalha, wa Mwanakwerekwe, Unguja. Kazi yake kununua madera na mitandio kwa jumla kule soko la Shahe na kwenda kuyauza nyumbani.

"Pole dadangu," Dullah alisema, akavuta kiti kabla ya kukaribishwa. "Msiba?"

"Afadhali ungekuwa msiba, kaka'ngu. Msiba una matanga, watu wanakuja kukushika mkono."

"Kafariki nani?"

"Hakufa mtu. Hotaru anahitimu."

"Hongera zake! Chuo gani?"

Swalha akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza kibla msikitini.

Hapo inabidi tumfafanulie Dullah, na msomaji asikilizie pembeni. Kazaguruma ni kundi la wasichana tisa wa Kijapani wanaoimba, kucheza na kutabasamu bila kuchoka. Kila mmoja ana rangi yake, na shabiki wake hununua kitaa cha mkononi cha rangi hiyo akakipunga ukumbini mpaka bega liombe radhi. Hotaru rangi yake zambarau. Sasa msichana akikaribia miaka ishirini na tano, mabosi wake huona keshazeeka. Humfanyia onyesho la kumuaga, mashabiki wakalia, wakanunua fulana, na jambo hilo huitwa kuhitimu. Kwetu mtu akiachishwa kazi haitwi mhitimu, lakini kila nchi na adabu zake.

"Jumamosi hii," Swalha alisema. "Hapahapa Guangzhou, kisha haimbi tena. Mimi kuanzia mimba ya pili iliyoharibika, hapana kitu kilichokuwa kikinitoa kitandani ila yule mtoto akiimba simuni. Sijui hata anasema nini. Nikajisemea, safari hii ya mzigo nitaipanga nimwone kwa macho yangu mara moja tu. Na tiketi zimekwisha. Kuzinunua kwenyewe kunataka namba ya simu ya Kichina, na benki ya Kichina, na bahati ya Kichina."

Dullah aliinamisha kichwa kwa huzuni ya dakika nzima. Alipokiinua, huzuni ilikuwa imekwisha na tiketi zimepatikana.

"Dada Swalha, umelia mbele ya mtu sahihi. Mimi Dullah na wenye uwanja ule ni kama ndugu. Unataka ngapi?"

Swalha akafuta machozi. Tangu Dullah alipovuta kiti, Swalha alikuwa akimtazama vidole, saa, na viatu, hasa viatu. Akachukua simu, akabonyeza sauti moja aliyotumiwa. Mkahawa mzima ukasikia mwanamke wa Kipemba akilia: "Swalha, wallahi na mie roho inaniuma! Zimepatikana tiketi?" Akabonyeza nyingine, ya Tanga. Ikafuata ya mama mwenye sauti nzito kutoka Mwanza, naye analia kwa mpangilio.

"Hili ni kundi letu," Swalha alisema. "Tuko arobaini."

Arobaini! Tambi zilimkwama Dullah kooni. Akaona hoteli rahisi za kule Liuhua, karibu na stesheni ya treni, zimejaa wanawake arobaini waliovaa zambarau, kila mmoja na mkoba.

"Wamefikia Liuhua, bila shaka?"

"We' unaonaje?"

"Kule ndiko rahisi."

"Basi wewe mjuzi, kaka Dullah."

Msomaji akipenda arudi nyuma ahakikishe: hakuna mahali Swalha aliposema kwamba wanawake hao wamekuja China. Wateja hao Dullah aliwaleta mwenyewe, kwa ndege yake mwenyewe, na hoteli akawachagulia.

"Nitahitaji advansi," Dullah alisema kwa sauti ya chini, kama daktari.

"Advansi?" Swalha akashtuka. "Kaka'ngu, wewe si mtu wa biashara? Kuna oda ya arobaini inayolipiwa bila sampuli? Wenzangu watanicheka."

Neno hilo lilimwingia Dullah kama sindano ya usingizi. Sampuli! Maisha yake yote yalijengwa juu ya neno hilo. Mteja akiomba sampuli, Dullah alijua samaki keshameza, kilichobaki kuvuta.

"Sampuli kesho," alisema. "Na kwa oda kubwa kama hii, bure."

"Mashallah," Swalha alisema. "Ndo' maana wanakusifu."

Dullah hakuuliza ni akina nani wanaomsifu. Sifa hazihojiwi.

Akapanda pikipiki mpaka kwa Lusajo, mtu wa Tukuyu mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa, anayeheshimika mtaani kwa kutengeneza chochote ambacho serikali imekitengeneza kwanza. Jioni ile ikatoka tiketi ya karatasi nzito, maandishi ya dhahabu, picha ya Hotaru, na muhuri ambao hata Lusajo mwenyewe hakujua ni wa ofisi gani.

"Chapa arobaini," Dullah alisema.

"Na malipo, bwana Dullah?"

"Inshallah, tutawasiliana."

"Hapana. Mimi huwa nasali Jumapili, lakini hilo neno nalijua. Acha koti."

Dullah akaacha koti lake la ngozi. Lilikuwa koti zuri sana. Aliliopoa kutoka kwenye sampuli za mtu.

Kesho yake Swalha aliishika ile tiketi ya dhahabu, akaigeuza, akainusa.

"Nzuri," alisema. "Ingefaa sana kwa mwaliko wa harusi. Lakini kaka Dullah, uwanja ule hawapokei karatasi. Tiketi inafungwa na pasipoti yako kwenye mtandao, mlangoni unaweka pasipoti juu ya mashine, mashine ikikujua unapita. Kila shabiki anajua. Au wewe na ndugu zako wenye uwanja mmegombana?"

Dullah alicheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa nyuma. "Nilikuwa nakupima, dada! Hii ya karatasi ni ya kumbukumbu, mtu anaiweka kwenye fremu. Sampuli yenyewe nitaisajili kwa pasipoti yako."

"Hapo sawa. Mashine ikiikubali sampuli, palepale mlangoni nafanya malipo. Siwezi kuthibitisha mzigo kabla sijauona unafanya kazi. Nami ni mwanamke mwoga, kaka'ngu, nimeshasikia mengi."

Akampigia picha ukurasa wa kwanza wa pasipoti yake, akamtumia.

Usiku huo Dullah alijielezea mwenyewe hesabu yake, na ilikuwa tamu. Tiketi moja ya kweli. Swalha anaweka pasipoti, mashine inalia, roho yake inatulia, analipa za watu arobaini. Yeye anamkabidhi bahasha ya karatasi za dhahabu zikiwa zimefungwa vizuri, anapanda pikipiki, anapotea. Wale wengine wakigombana na mashine, yeye yuko Foshan, mji wa jirani, anakula bata. Kilikuwa ni kiatu kilekile cha ngozi na kontena lilelile. Alijisikia kama fundi anayerudi kwenye cherehani yake.

Tatizo lilikuwa moja: tiketi ya kweli. Ndugu zake wenye uwanja hawakuwa wamezaliwa.

Guangzhou walanguzi wa tiketi wanaitwa ng'ombe wa njano, sababu wanaijua Wachina wenyewe. Dullah alimpata mmoja nyuma ya soko la nguo, mtu mnene anayeitwa laoban Chen, yaani bosi Chen, anakaa juu ya kigoda kidogo kinachomlalamikia. Chen aliweza kumsajili yeyote kwenye nafasi ya mtu aliyeghairi. Dullah akaanza maneno yake. Alimwita rafiki, ndugu, baba. Akamwambia habari za undugu wa China na Afrika, reli, na hospitali.

Chen akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Meiyo." Hakuna.

"Nina oda kubwa inakuja, laoban! Nipe moja hii kama sampuli, bure, nikirudi nachukua kumi!"

Chen akacheka mpaka kigoda kikasogea. Akawaita wenzake wawili aliokuwa akicheza nao karata, akawatafsiria, nao wakacheka. Halafu akanyoosha kidole kinene kuelekea pikipiki nyekundu.

Kuna wakati mtu mjanja husikia sauti ndogo ndani yake ikimwambia simama. Dullah aliisikia. Lakini nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na wanawake arobaini wanalia, na arobaini wana kelele kuliko mmoja. Akaipapasa pikipiki usukani kama anayemuaga mtoto anayepelekwa shule ya bweni, akatoa ufunguo. Hata haukupita muda, simu ya Swalha ikalia: jina lake, namba ya pasipoti yake, kiti chake. Safu ya mbele, kwa sababu Chen, tofauti na watu wengine, akishalipwa huleta mzigo kama ulivyoagizwa.

Jumamosi Dullah alikwenda kwa miguu. Nje ya uwanja palikuwa zambarau tupu. Vijana wa Kichina, wa Kikorea, wa Kijapani wenyewe waliovuka bahari, wazee wenye mikongojo na vitaa vya kupunga, wote macho mekundu kama wafiwa. Dullah alisimama kando ya lango na bahasha yake kifuani na kibao alichokiandika kwa mkono wake: KARIBUNI WANA KAZAGURUMA. Aliangaza kila upande akitafuta mitandio.

Ulikuja mmoja.

"Dada Swalha! Wenzio wako wapi?"

"Tuanze na sampuli, kaka'ngu." Akaweka pasipoti juu ya mashine.

Mashine ikafikiri. Dullah akafikiri nayo. Ikawaka kijani, chuma kikafunguka, Swalha akapita. Chuma kikajifunga nyuma yake, na juu yake palikuwa na maandishi makubwa, ya Kichina na ya Kiingereza, kwamba aliyeingia hatoki akarudi.

Swalha alifunika uso kwa viganja viwili. Mabega yakamcheza. Kisha akafunua uso, akatoa kitaa cha zambarau mkobani, akakiwasha.

"Imekubali," alisema. "Ni sampuli nzuri, wallahi. Sijapata kuona."

"Alhamdulillahi! Sasa zile arobaini..."

"Za nani?"

"Wenzio! Si ulisema mko arobaini?"

"Tuko arobaini. Wako makwao, wanangoja niwapigie video." Akashika chuma cha lango, akasogea karibu, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Kaka Dullah, shangazi yangu Najat anakusalimu. Yule wa viatu. Alikopa kwenye kikundi chao cha vikoba akaagiza kontena kwako, mwisho akauza nyumba ya Jang'ombe kuwalipa wenzake. Lakini kila siku anakusifu. Anasema sampuli yako haina mfano."

Dullah aliitazama bahasha yake.

"Na oda?" alisema, maana ulimi ulishazoea kutembea peke yake.

Ndani ngoma zikaanza, na watu elfu nyingi wakaliita jina moja kwa pamoja. Swalha akageuka mbio, dera limekamatwa mkononi, kitaa juu. Lakini alikuwa mtu mwenye adabu zake, hakuondoka bila kujibu.

"Inshallah kaka'ngu!" alipaza sauti. "Tutawasiliana!"

Dullah akabaki na kibao chake. Mlinzi mmoja alikuja akakisoma, hakukielewa, akamsogeza pembeni. Karatasi za dhahabu alizitia pipani, zote na bahasha yake, na kuanza safari ya kurudi Xiaobei, ambayo kwa pikipiki ilikuwa fupi sana.

Kwenye kona ya uwanja bibi mmoja wa Kichina alikuwa amepanga vitaa vya kupunga juu ya mkeka. Akamwona mtu mweusi mwenye huzuni, akamhurumia. Akachagua kimoja cha zambarau, akakiwasha, akamnyooshea kwa mikono miwili, akatumia Kiingereza chote alichokuwa nacho.

"Sampo," alisema bibi. "Furii!"

Dullah akatia mikono yote mfukoni, akavuka barabara anakimbia.