Joto Darini, Miguu Barafuni

Jumatatu, 13 Desemba 2010

Nimekasirika! Naandika kwa sababu hakuna wa kumfokea. Mke wangu Dinah ni muuguzi wa zamu za usiku, mchana analala. Kumwamsha Mtaita aliyetoka zamu, bora umwamshe simba. Simba hana dada zake Voi wa kuwapigia simu.

Ramesh anahamia Leicester. Ramesh wangu! Tumezaliwa mtaa mmoja Unguja. Baada ya Mapinduzi tukatoka wote, yeye kwa ndege, mimi kwa meli, tukaja kukutana hapa Stratford, London, nyumba ya tatu na nyumba ya saba. Tangu mkewe Vasanti afariki mwezi wa sita, hali, halali, anakaa na redio tu. Sasa binti yake Kalpana kasema Jumamosi anakuja kumchukua. Nikamwuliza, wewe mwenyewe unataka? Akasema, Faki bwana, hapa nikae na nani? Na mimi! Akanikumbusha kwamba nyumbani kwangu mchana watu hutembea kwa ncha za vidole, na benchi letu la mbele, pale tunapopigia soga kiangazi kizima, sasa hivi limelala chini ya theluji.

Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Mimi! Nimegombana na mabaharia wa Kigiriki kwa Kigiriki, nikashinda!

Na huyu Linus, jirani Mkenya wa mkono wa kushoto, kaona upenyo. Kawaita wazee sebuleni kwake. Televisheni kama mlango wa gereji. Wanakaa safu moja, midomo wazi, hakuna anayemtazama mwenzake. Eti baraza! Ile ni foleni ya daktari wa meno. Baraza liko mbele ya nyumba, mpita njia akuone umsalimie, akae, akudanganye kidogo, umdanganye kidogo, aende zake.

Ramesh akipata baraza hatakwenda Leicester. Shida ni baridi tu. Na baridi ni nini mbele ya akili yangu?

Jumanne, 14 Desemba

Nimelipata! Treni mpaka Croydon, halafu tramu, mpaka kwa Mfini mmoja, mtu wa Finland, anayerudi kwao na anauza vitu vyake. Hema la wavuvi wa barafuni! Kwao ziwa likiganda wanatoboa tundu, wanasimamisha hema juu yake, wanakaa ndani kuvua kutwa nzima. Kitambaa kinene kama godoro, dirisha la plastiki, mlango wa zipu. Halina sakafu, kwa sababu samaki wanapita wapi?

Nikamwambia Mfini mambo hayo nayajua, meli yetu ilikwama bandarini kwao mwaka sabini na moja. (Nilikuwa jikoni naosha masufuria, lakini kulikuwa na kidirisha.) Akaanza kunieleza jinsi ya kuzungusha joto ndani ya hema. Nikamkata kauli. Mtu wa Unguja afundishwe joto? Na Mfini?

Nimelisimamisha mbele ya nyumba, mlango unatazama barabara. Jekundu, linaonekana mpaka kituo cha basi. Linus akatoka na kikombe chake mkononi, akaniuliza, mzee wangu, samaki wa lami wanauma? Nikamwambia wanauma kuliko mke wako. Kosa. Mke wake alikuwa dirishani.

Jumatano, 15 Desemba

Ufunguzi. Mkeka nimetandika. Kahawa chungu, tende, mito. Ramesh kaja na makoti mawili. Avtar pia kaja. Huyu Avtar ni Singasinga wa Kisumu, maisha yake yote katengeneza mabomba na mitambo ya kupashia nyumba joto, na hakuambii habari ila ya mabomba. Nilimwalika kwa huruma tu.

Nikaingiza jiko la mkaa, limekolea vizuri, jekundu kama hema lenyewe. Avtar hakusema hata salamu. Alilinyakua kwa mikono yote miwili akalitupa nje kwenye theluji. Tshhhh! Kahawa yangu juu yake! Nikapiga kelele. Naye akapiga zaidi: wewe mzee kichwa ngumu, mkaa ndani ya hema inatoa hewa ya sumu, haina harufu, haina rangi, tutakufa sisi wote hapa tukicheka!

Ramesh akasema kwa upole kwamba hatukuwa tunacheka.

Basi, tukavuta waya kutoka ndani, tukaleta hita ya umeme. Nikaiweka juu ya meza, kama mgeni wa heshima. Na hapo, maskini mimi, ndipo nilipougundua uhaini wa joto. Joto halikai na watu! Linapanda darini, linajikalia huko kama mwenye nyumba. Vichwani mwetu Dar es Salaam, miguuni Finland. Avtar jasho linamtoka kilembani, huku vidole vya miguu vimemfa ganzi. Ramesh akavua kofia yake ya sufu, akaivaa mguuni. Mguu mmoja. Akakaa anautazama ule mwingine kwa huzuni.

Avtar akasema joto lile kidogo lenyewe linatoka mlangoni, nifunge zipu. Nikamwambia baraza halifungwi mlango! Ukifunga mlango si baraza, ni mkutano wa siri. Mtu wa posta alipopita nilimsalimia vizuri kabisa. Alitembea haraka.

Alhamisi, 16 Desemba

Leo nimeishusha hita chini, mkekani. Mawazo yangu mwenyewe, sikuuliza mtu. Anayekaa karibu nayo anaungua, anayekaa mbali hapati kitu, na joto lenyewe likishamaliza kumchoma wa karibu linapanda darini kama jana. Soksi yangu ya kushoto imeshika moto. Niliizima kwa chai ya Avtar. Kanuna! Kwa chai!

Halafu akatoa hukumu yake. Eti tufunge feni ndogo pale juu, ipulize polepole kwenda chini, isukume joto lililojazana darini lishuke miguuni, lipande tena, lishuke tena. Feni! Desemba! Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia mimi nimezaliwa chini ya pangaboi, kwetu feni inafunguliwa mtu akitaka kupoa, hata mtoto wa kunyonya anajua. Mtu anatetemeka, wewe unampepea? Hospitali gani hiyo?

Avtar akasema feni haitengenezi baridi wala joto, inasogeza hewa tu. Nikamwambia na aisogeze yake mwenyewe, mlango ule pale, uko wazi kama desturi.

Akaenda. Sawa. Lakini na Ramesh kasimama! Akasema, Faki bwana, miguu siisikii, naingia kwa Linus robo saa tu. Robo saa! Nilikaa peke yangu mpaka kiza kikaingia. Nikamsalimia kila aliyepita. Bibi mmoja alinipa sarafu.

Nimeirudisha kwa matusi. Kisha nikamfuata kumwomba radhi, maskini, ana umri wa mama yangu. Akanipa tena.

Dinah alipoamka akaniuliza kama Ramesh ameshafunga sanduku. Nilikwenda kuchungulia. Ameshalifunga. Picha ya Vasanti haiko tena ukutani.

Ijumaa, 17 Desemba

Usaliti! Nimetoka kuswali Ijumaa, nikapitia Edgware Road kununua halwa ile wanayokula wageni wa Kiomani, maana Ramesh kwa halwa ni mtoto. Narudi nakuta feni inaning'inia darini mwa hema langu! Imefungwa kwa utepe wa zawadi! Avtar kaifunga nikiwa nasujudu. Na nani kampa feni? Dinah! Mke wangu wa ndoa! Katoka kitandani na kanga yake, kamshikia na ngazi.

Nikataka kuing'oa. Ramesh akanishika mkono, akasema ngoja kwanza. Akawasha kijiti cha ubani, kile anachowasha kila asubuhi mbele ya picha ya mkewe. Tukaangalia moshi. Ukapanda darini, feni ikaupokea, ukashuka ukutani, ukatambaa juu ya mkeka ukitupita miguuni, kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni mwa msikiti, kisha ukapanda tena. Na vidole vyangu vya miguu, ambavyo Jumatano nilishavisomea hitima, vikaniwasha. Vilikuwa hai!

Nilikula halwa.

Lakini Avtar hakutosheka. Akataka na zipu ifungwe, abakishe matundu madogo ya hewa tu. Hapo nikasimama. Nimeshavumilia feni, sitavumilia mlango! Eti nisalimie watu kupitia dirisha la plastiki. Salamu ya plastiki! Tukavutana zipu, yeye juu, mimi chini, Ramesh katikati akisema jamani, jamani. Mwisho tukapatana kama wanaume: zipu imefungwa mpaka shingoni mwangu. Kiwiliwili ndani na wenzangu, kichwa nje na umma.

Linus kaona kichwa changu kimechomoza kwenye hema. Akaenda kumwita mkewe.

Jumamosi, 18 Desemba

Siku yenyewe. Theluji si mchezo, mabasi yamesimama, nikaomba Mungu na treni ya kutoka Leicester isimame. Haikusimama! Treni za nchi hii zinachelewa siku zote, ila siku unayotaka zichelewe.

Nilijipanga. Nina kisa cha meli iliyokwama barafuni, kirefu, kina dubu ndani. (Dubu nimemwongeza.) Mpango: Kalpana afike akute baba yake anacheka mpaka machozi, aone hapa ana watu. Nikaanza kusimulia, kichwa changu kikiwa nje, maneno nayaelekeza ndani kwa mkono. Nikafika pale dubu anapopanda gati. Kimya. Nikasema, wenzangu, dubu huyo! Kimya. Nikarudisha kichwa ndani.

Wamelala! Joto limezunguka kisawasawa, limewaangusha wote wawili. Avtar kifudifudi juu ya mto, Ramesh chali, makoti yote mawili kayavua, mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kusaga. Katikati ya dubu! Hasira niliyoipata! Ndiyo baraza hili? Nimevuka London nzima kuchukua hema nije nifungue nyumba ya kulala wageni? Nikamwinamia Avtar, nikamwambia sikioni hii ndiyo feni yako. Akageuka upande wa pili.

Nilipotoa kichwa tena, Kalpana huyu hapa mbele yangu, theluji mpaka magotini. Nikamwambia karibu mwanangu. Alishtuka akaangusha mkoba. Huyu binti Kiswahili anakielewa chote, ila anajibu Kiingereza. Akauliza baba yuko wapi. Nikaona nimekwisha. Nikafungua zipu yote.

Alisimama mlangoni akimtazama baba yake. Nikaanza kujitetea, kwamba dakika tano tu nyuma alikuwa anacheka, sana, na kulikuwa na dubu. Akaniwekea kidole mdomoni. Mimi! Kisha nikaona machozi yanamtoka. Akaninong'oneza kwamba tangu mama yake afariki baba yake hajalala. Kila usiku anampigia simu, anamwuliza hali ya hewa ya Leicester. Akavua viatu, akaingia, akakaa mkekani, akaifunika miguu ya baba yake kwa skafu yake. Hata yeye, baada ya muda, macho yakamlegea.

Jioni akatoa shauri. Sanduku lirudi ndani. Baba abaki mpaka masika, alale hapa kila mchana. Ila sharti moja: saa nane mpaka saa tisa hakuna anayefungua mdomo. Akanigeukia. Hasa wewe, Anko Faki. Akisikia nimemwamsha hata mara moja, anakuja na gari.

Halafu akamshukuru Avtar! Kwa feni! Akamkumbatia! Nani kaleta hema? Nani kala baridi kichwani? Nimeingia ndani nikafunga mlango kwa nguvu. Dinah kaamka. Nimelala sebuleni.

Jumatatu, 20 Desemba

Nimenyamaza!

Saa nane kamili wote wakajinyoosha. Hata Linus kaja, kabeba mto wake mwenyewe, akasema televisheni yake haipashi miguu. Nikamkaribisha, mimi sina kinyongo, nikampa halwa kipande kidogo. Baada ya dakika chache wote watatu wanakoroma. Mimi macho.

Nikanyamaza. Bibi wa sarafu akapita, nikampungia mkono tu. Mtu wa posta kasimama mwenyewe, leo ndiyo kanisalimia kwanza, nikatingisha kichwa tu! Kisa cha dubu kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikakimeza. Sijawahi kuona mtu amenyamaza vile. Baharini sijaona, bandarini sijaona.

Na ndipo hasira ikanipanda. Kwani nani kaniona? Avtar kalala. Linus kalala. Kimya kikubwa namna hii, cha mtu kama mimi, kinapita hivihivi hakina shahidi! Kalpana akiuliza, nani atasema Anko Faki alitimiza sharti? Haki iko wapi?

Nikamshika Ramesh bega, nikamtikisa. Nikamtikisa tena. Nikamwuliza, Ramesh, umeona ninavyonyamaza?

Akafungua jicho moja. Akasema alikuwa anamwota Vasanti, anamgombeza kwa sababu ya sanduku, na yeye ndiyo kwanza alikuwa anataka kumjibu. Nikamwambia basi arudi upesi akamjibu. Akacheka, akafumba jicho, akasema Kalpana akipiga simu atamwambia amelala saa nzima kama gogo.

Umeona? Mwenyewe kathibitisha.

Nimemfunika vizuri. Nikamwambia asinishukuru, alale kwa amani, usingizi wake naulinda mimi. Nitamwamsha tena saa tisa kasoro, asije akakosa mwisho wa kimya changu.