Kiti cha Kumi na Tano

Jumapili, 5 Oktoba

Kocha Godefroid katangaza baada ya ibada. Jumamosi timu yetu ya maveterani inakwenda Stafford, kule Houston, mashindano ya makanisa. Tuko kumi na tisa. Atachukua wachezaji kumi na watatu. Majina Ijumaa jioni. Alipofika hapo akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. Naielewa lugha hiyo.

Nina miaka arobaini na saba. Bao langu la mwisho lilikuwa mwaka juzi, na nilitufunga sisi wenyewe. Lakini nani kasema nataka kucheza? Nataka van ya kanisa! Masaa manne kwenda, masaa manne kurudi, watu wanaimba, wanabishana, wanapitishiana karanga. Tangu mke wangu Fiona ahamie Minnesota na watoto, mtu anayeniongelesha zaidi ni scanner ya mizigo kazini. Inasema tii. Nyumbani nina viti viwili, na kimoja ni cha nguo.

Dedan atachaguliwa, bila shaka. Dedan ni nesi, ana miaka thelathini na minane, na anapaka mafuta magotini kabla ya mazoezi ili yang'ae.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeokoka! Sio kwa njia ya kanisa.

Wakati wa mapumziko kule ghalani, warehouse nzima ilikuwa inaomboleza. Beki fulani wa mpira wa Kimarekani kavunjika mguu. Nikauliza kama atafukuzwa. Wakanicheka. Nikaamua kusoma mwenyewe kwenye simu, nikachelewa kurudi kazini dakika tisa, na kila dakika ilikuwa na thamani.

Kanuni ni hii. Kila timu ina kikomo cha mishahara, haruhusiwi mtu kukipita. Mchezaji akiumia anawekwa kwenye orodha ya majeruhi. Anatoka katika hesabu ya wachezaji, wanaweza kuleta mwingine acheze nafasi yake. Lakini mshahara wake unabaki ndani ya kikomo! Ameumia, amelala, hata mpira hagusi, lakini anahesabiwa. Tena hawawezi kumtupa hivi hivi akiwa bado mgonjwa. Mpaka apone na daktari athibitishe, au wakubaliane fidia ya wiki kadhaa, achukue chake aende zake.

Sasa, sisi hatuna mishahara. Kikomo chetu ni nini? Van ya kanisa! Viti kumi na vitano, na sheria ya barabara hairuhusu cha kumi na sita. Kwa hiyo nikiumia kabla ya Ijumaa, natoka uwanjani lakini nabaki ndani ya van. Akili ni mali. Mimi ni tajiri.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeumia.

Nilichagua goti. Kasoro moja ndogo: nilipoanguka mazoezini, mtu wa karibu alikuwa mita kumi mbali, akifunga kamba za viatu. Nikapiga kelele ya kutosha kufidia umbali. Dedan akaja mbio na ule unesi wake, akalibonyeza goti huku na huku, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Boss, hii goti iko sawa kuliko yangu." Nikamwambia maumivu ni ya ndani. Akauliza ndani ya nini.

Nimemwandikia Godefroid ujumbe wa aya tatu kuhusu kikomo, orodha ya majeruhi na van. Amejibu kwa kidole gumba.

Lakini kwenye grupu la kanisa wametangaza kwamba Ndugu Patroba ameumia. Pole zimeingia arobaini na moja. Nimezisoma zote. Mara mbili. Kuna mtu wa kwaya sijawahi hata kusalimiana naye, kaweka pole na maua.

Jumatano, 8 Oktoba

Hatari! Godefroid kapita mlangoni na sufuria. Sombe, yaani kisamvu, imepikwa na mkewe, na mawese juu. Kasema nile nipate nguvu, na nisijisumbue na mambo ya Stafford. Kisha kaenda kazini.

Nisijisumbue na Stafford! Hii si sombe, hii ni fidia! Nikila, nimekubali. Nikikubali, nimeachwa huru, na kiti changu kimeondoka na mawese. Nimeifunika sufuria. Nimeiweka kwenye jokofu. Nimefunga jokofu na kulisogezea kiti cha nguo.

Baadaye: nimeonja kijiko kimoja, kuhakikisha haijaharibika.

Baadaye tena: sufuria nimeiosha. Nimemwandikia Godefroid kwamba nimeila bila kukubali lolote. Kidole gumba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya aibu. Pia siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Sijui niiandike vipi.

Jioni kengele ikalia. Mama Scholastique, kiongozi wa maombi, mama wa miaka sabini na kitu, na nyuma yake watu wanane, Godefroid na Dedan wakiwemo. Kamati ya wagonjwa! Wageni tisa ndani ya nyumba yangu! Kiti kimoja akapewa Mama, cha pili nikamwaga nguo nikakikalia mimi mgonjwa, wengine wakakaa kwenye zulia. Wamekuja na wali, samaki, na soda za chungwa. Mmoja akafungua dirisha bila kuuliza, kama nyumbani kwake. Nilitaka kulia.

Wakaimba mapambio mawili. Mama Scholastique akapiga magoti mbele yangu, akaweka mikono juu ya goti, akalikemea kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha nyingine ambayo nadhani goti ndilo lingeielewa. Akaomba pia kwa ajili ya upweke wa nyumba hii. Sikumwambia mtu kuhusu upweke. Nani kamwambia?

Amina ikaitikiwa. Mama akataka kuinuka, akashindwa. Magoti yake ndiyo mabovu, masikini, na hakuna aliyeona. Mimi nikaona. Nikaruka kutoka kiti changu, nikamshika kwapani, nikamwinua mzima mzima, nikamkalisha kwenye chake.

Macho yote kwenye goti langu.

Kisha nyumba ikalipuka. "Bwana asifiwe! Papa Patro anasimama! Yezu amefanya!" Watu wanaruka. Jirani wa chini anagonga dari lake. Dedan akalipima goti tena, akatangaza limepona kabisa, akaongeza polepole sikioni mwangu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Godefroid hakuruka. Aliniangalia tu, anatabasamu.

Nimeshaelewa. Nimepona mbele ya mashahidi tisa, nesi akiwemo. Majeruhi hafukuzwi. Mzima anafukuzwa.

Walipoondoka sikuzirudisha nguo kitini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Godefroid kasoma majina kumi na matatu. La Dedan la pili. Langu halimo. Hata la kumi na tatu si langu, ni la Heritier, ambaye ana pumu.

Nikapiga hesabu. Wachezaji kumi na watatu, Godefroid anaendesha, kumi na nne. Kiti cha kumi na tano ni cha masufuria ya Mama Scholastique, kila mtu anajua. Godefroid akaniita, akasema nisubiri kidogo, ana neno na mimi. La nini? Aniambie pole tena? Ninazo arobaini na moja. Nikajifanya sikusikia, nikaingia garini, nikazima simu.

Roho inauma. Naandika hivyo hivyo: inauma.

Lakini nimepata wazo jingine. Barabara ya Houston si ya Godefroid! Nitaondoka mapema na gari langu. Watakaponikuta Stafford watashangaa, nami nitajifanya kushangaa zaidi yao.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefika Stafford saa mbili na nusu asubuhi. Van haipo. Saa tatu, haipo. Mechi yao ya kwanza ilikuwa saa tatu. Mwamuzi akasubiri, akapuliza, akawapa wapinzani ushindi wa bure.

Van ikaingia saa tatu na dakika ishirini. Nikajiegemeza kwenye gari langu, kama mtu anayepita. Mlango ukafunguliwa. Wa kwanza kutoka ni Dedan, kapakata sufuria kubwa, suruali yake nyeupe ina ramani ya mawese. Nikacheka. Kisha nikaona kila mtu kapakata sufuria. Na nyuma kabisa, dirishani, kiti kimoja kitupu. Juu yake fulana ya timu, na karatasi imebandikwa: PATROBA, MAJI.

Walinisubiri kanisani dakika hamsini. Walipiga simu. Godefroid alikwenda mpaka mlangoni kwangu, akagonga mpaka jirani akatoka. Walidhani goti limerudi. Mama Scholastique aliomba nao njiani, kwa simu, kwa ajili yangu.

Nikamuuliza Godefroid kwa nini hakusema. Akaniambia alitaka kusema jana, mimi nikakimbia, na kwa goti zuri sana. Akasema pia ile kanuni yangu aliipenda. "Papa Patro, kiti yako iko. Ilikuwa iko tangu Jumapili. Ungesema tu."

Ungesema tu! Nikashika ndoo ya maji nikakimbia nayo uwanjani. Tulifungwa mechi mbili zilizobaki. Niligawa maji vizuri sana.

Jioni wakaniambia nirudi nao. Dedan akajitolea kuendesha gari langu, chochote ila masufuria tena. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo. Neno moja! Lakini Dedan akauliza, kwa kile kicheko chake, kwani nilikuja Houston kufanya nini hasa. Watu wote wakanitazama. Nikasema nilikuja kumwona binamu yangu Absalom, Sugar Land, mji jirani, ananisubiri kwa chakula.

Sina binamu anayeitwa Absalom. Sina mtu Sugar Land.

Wakasema nimsalimie. Nikakaa kwenye kituo cha mafuta mpaka van ikapita, nikaifuata. Karibu na Huntsville niliwasogelea, nikajificha nyuma ya lori. Taa za ndani zilikuwa zinawaka. Walikuwa wanaimba, mikono juu. Kiti changu kimejaa masufuria. Nikawasha redio, nikaizima.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada Mama Scholastique akaniuliza habari za Absalom. Dedan alikuwa amesimama pale pale, masikio wazi. Ningeweza kusema kweli. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema Absalom ni mgonjwa.

Mgonjwa wa nini? Goti, nikasema.

Mama akashika kifua. Akamwita Godefroid. Godefroid akatoa kalenda. Dakika tano, jambo likapita: kamati ya wagonjwa inakwenda Sugar Land Jumamosi ijayo, na chakula, na maombi, na van. Watu kumi na watano kamili. Dedan kasema hawezi kukosa, atampima mwenyewe.

Na mimi ndiye ninayejua njia. Nimewekewa kiti cha mbele, jirani na dereva! Masaa manne kwenda, masaa manne kurudi! Nimeshanunua karanga.

Nina siku sita za kumtafuta Absalom.