Mpango wa Kumhamisha Mama Chumba

Jumatatu, 3 Machi

Mama ametoka hospitali. Mguu wa kushoto hauna nguvu, mdomo mzima kabisa. Alianguka koridoni wiki iliyopita akienda choo. Daktari kasema atahitaji msaada nyumbani. Nikamwambia asiwe na shaka, kitinda mimba wake nipo, naishi naye. Mama akaomba azungumze na daktari faragha. Dawa zinamchanganya.

Nimewaza sana leo. Chumba cha Mama kiko mbele: kikubwa, dirisha la barabarani, upepo wa bure. Changu kiko nyuma, pua na mdomo na choo. Joto tupu! Sasa mwenye mguu mbovu alale mbali na choo, mwenye miguu mizima alale karibu nacho? Akili gani hiyo? Tubadilishane. Kwa usalama wake. Mimi sina ninachotaka. Ila lile dirisha nimelipenda siku nyingi.

Jumanne, 4 Machi

Kaja afisa ustawi. Binti mdogo, raba miguuni, begi mgongoni. Mama kaamkiwa shikamoo. Mimi kaniambia mambo. Na mvi zangu hizi!

Akaeleza kwamba siku hizi huduma ya mzee inaanza na mzee mwenyewe: anataka kuishi vipi, anaweza nini, asaidiwe wapi. Nikasema safi sana, na palepale nikaanza kumweleza Mama anataka nini. Chumba cha nyuma, utulivu, na kadhalika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mama akamuuliza swali lilelile, kana kwamba mimi nilikuwa redio tu inayoongea.

Mama akasema anataka kuoga mwenyewe, mlango umefungwa. Anataka kukata mboga zake mwenyewe, hata kama ameketi, maana mimi nazikata utadhani nalisha mbuzi. Anataka kurudi kwenye cherehani yake. Na chumba chake hahami. Nikacheka, kuonyesha kwamba huo ni utani wetu wa nyumbani. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu mpya: kumbukumbu. Nilimvuta afisa jikoni nikamnong'oneza kwamba Mama anasahau, hawezi kuamua mambo mazito. Nikatia chumvi kidogo. Nikasema kuna siku aliniita kwa jina la marehemu baba. Ukweli ni kwamba alisema mimi si lolote mbele ya marehemu baba. Lakini jina lilitajwa.

Yule binti akarudi sebuleni moja kwa moja akamwambia Mama kuwa mwanao ana wasiwasi na kumbukumbu zako, wewe unasemaje? Mbele yangu! Hana kifua kabisa.

Mama akasema kumbukumbu zipo. Anakumbuka nilikuja kukaa kidogo tu, mpaka duka langu la simu likae sawa. Anakumbuka suruali niliyokuja nayo, kwa sababu ndiyo hii niliyovaa. Anakumbuka nilivyoahidi kutengeneza kitasa cha mlango wa choo. Halafu, kwa sauti ya upole kabisa, akasema anakumbuka pia alijikwaa nini siku ile koridoni. Viatu vyangu.

Nikasema viatu hivyo havijawahi kubadilishwa mahali, kila mtu humu anajua vilipo. Nikatoka kwenda kuviangalia. Vilikuwa palepale. Nikaviingiza chumbani. Niliona vibaya, kwa dakika kadhaa.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio! Nilimwomba Mama apumzike mchana mmoja tu chumba cha nyuma, aone kulivyo kuzuri. Nikatandika shuka safi. Akakubali upesi ajabu.

Mimi nikajitupa kitandani kwake. Raha! Upepo! Nikafumba macho. Dirisha likagongwa. Muuza maziwa, anamuulizia Mama. Nikafumba tena. Likagongwa. Mwanamke na gauni lake mkononi, anataka kujua Mama ataanza lini kushona. Kisha fundi baiskeli, ambaye hakuuliza kitu, aliegemea tu ukuta akaanza kunisimulia ugomvi wake na mkewe. Kumbe huwa anamsimulia Mama. Alipomaliza akauliza Mama angesemaje. Nikamwambia amwache huyo mwanamke, nilale. Jioni mkewe huyo fundi akafika dirishani, mikono kiunoni, anataka nimwambie yeye. Nikajitia nimelala. Akasema ananiona.

Lakini siku haikwenda bure. Nilipoenda kumwamsha Mama, sikumkuta amelala. Alikuwa amesimama na fremu yake ya kutembelea, anapima chumba kwa tepu ya ushonaji, ukuta hadi ukuta. Nikarudi kwa kunyata. Mtu hapimi chumba asichokitaka! Nimeshinda.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia simu Dada, kumwambia Mama amekubali kuhamia nyuma. Dada akacheka. Akacheka tena. Kisha akaniuliza nina mabegi mangapi. Sikuelewa, ila dada yangu tangu utotoni ana maswali ya ajabu. Nimeshaamua kitanda changu kitakaa upande gani wa dirisha.

Jumanne, 11 Machi

Kikao. Afisa, Mama, Dada, na fundi mwashi ambaye sikumwita. Nilivaa shati la kola.

Mama akafungua kwa kunisifu. Akasema mwanangu huyu aliona mbali: tatizo la nyumba hii ni choo. Roho ikanidunda kwa furaha. Akasema pale chooni hawezi hata kugeuka na fremu, ndiyo maana anahitaji kushikwa mkono na kufunguliwa mlango na mtu. Kwa hiyo amepima. Ukuta kati ya choo na chumba cha nyuma uvunjwe, pawe bafu pana, lenye kiti cha kuogea na vishikio. Na reli ya kushika itoke mlangoni kwake mpaka huko, isikatike popote.

Nilitaka Mama asogezwe chooni. Choo kimesogezwa kitandani kwangu.

Nikauliza mimi nitalala wapi. Afisa akasema hilo swali ni zuri, tumuulize mwenye nyumba. Mama akanitazama sana. Akasema ananipenda, na hilo nisilitilie shaka. Lakini amechoka kutunzwa na mtu ambaye yeye ndiye anampikia. Mhudumu atakuja asubuhi kumsaidia kwa yale yanayomshinda tu. Mimi nikakae kwa Dada. Nije Jumapili nile, nipige hodi, nisubiri kukaribishwa.

Niliumia, sitaficha. Mama akanishika mkono akaubana. Mkono una nguvu yule mama! Huyo ndiye mgonjwa?

Jumamosi, 15 Machi

Niko kwa Dada. Nalala kwenye kochi la sebuleni, miguu inaning'inia. Shemeji ananisalimia kwa kuguna.

Nimetafakari. Yule binti alikuwa sahihi: mzee aulizwe mwenyewe. Kosa langu lilikuwa kumsemea Mama. Nimejifunza, na leo nimeanza kutekeleza. Mama mkwe wa Dada anaishi humuhumu, ghorofani, chumba kikubwa chenye kibaraza chake. Nilimkuta anapanda ngazi, mkono gotini, anahema. Nikasimama mbele yake kwa adabu zote nikamuuliza: mama, wewe mwenyewe unataka nini?

Akasema anataka nimpishe apite.

Hiyo ni sauti ya mtu aliyechoshwa na ngazi. Nimeshampigia simu afisa ustawi aje haraka. Nimemwambia kuna mzee anateseka huko juu bure, na huku chini kuna kochi zuri sana.