Nafasi ya Kumi Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Goti la kulia limegoma. La kushoto linafikiria. Nimeosha mkeka wa mieleka peke yangu, mita kumi na mbili kwa kumi na mbili, kitambaa na ndoo, kama kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja. Nimechoka mpaka kivuli changu kimekaa chini.

Ila kuna habari. Klabu inachora ukutani wababe kumi wa zama zote wa mieleka ya Kigiriki na Kirumi. Mchoraji ni mpwa wangu mwenyewe, binti wa dada, fundi wa mabango ya maduka. Tisa wameshachaguliwa. Yumo Mrusi aliyekaa miaka kumi na tatu bila kushindwa, yumo Mkuba wa dhahabu tano, yumo Mswedi aliyeshinda katika uzani mbalimbali, na wenzao. Nafasi ya kumi, kocha kasema, ni ya mtu wa hapa hapa. Ataamua Jumamosi.

Mtu wa hapa hapa! Na nani mwingine aliyepigana na Mgiriki asubuhi na Mrumi mchana, siku moja, akala katikati? Mpwa wangu amenisikia nikiyasimulia hayo tangu hajang'oa jino la kwanza. Shuleni alikuwa akiwatishia wenzake kwa jina langu. Nikiukosa ukuta huu, nitamtazamaje?

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea kocha. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba mimi ni mmoja wa watano bora duniani, ila sipendi kujikweza. Akataka ushahidi. Nikampa picha: mimi kijana, nimevaa ile nguo ya kubana, nimesimama na timu. Akaitazama sana. Akauliza mbona wenzangu wote wamelowa na mimi nimekauka kama karatasi. Nikamwambia jasho langu walikuwa wakinitolea wapinzani.

Hakucheka. Kasema mwanamieleka hujulikana kwa masikio, maana yakisuguliwa mikekani miaka na miaka huvimba na kujikunja. Akamnyooshea kidole mkandaji wa klabu, yule mzee mnene anayewakanda wachezaji misuli na hasemi neno. Kweli bwana. Masikio yake kama soksi mbili zilizoviringishwa.

Kumbe ndiye mshindani wangu. Haringi, hasimulii. Watu wa namna hiyo ni hatari.

Jumatano, 5 Machi

Vibanio vya nguo, vinne kila sikio. Nimekaa navyo chumbani saa mbili na nusu. Dada akaingia kutafuta vibanio vyake, shuka zimepeperuka hadi ua wa jirani. Nikamwambia ni tiba ya presha. Shemeji akadakia kutoka sebuleni kwamba mganga amekosea mahali, angebana mdomo. Ukilala kwa mtu, kejeli zake ni sehemu ya godoro.

Masikio hayakuvimba. Yamekufa ganzi tu. La kushoto linasikia kwa mbali, kama simu ya zamani.

Alhamisi, 6 Machi

Mpwa wangu amemaliza Mrusi. Kifua kama mlango wa ghala. Akaniambia inasemekana bwana huyu alipandisha friji ghorofa ya nane kwa mikono yake. Nikasema mimi nilipandisha la kwangu ghorofa ya tisa, chakula kikiwa ndani, na mwenye chakula akiendelea kula. Akacheka mpaka brashi ikamponyoka. Kicheko kile kimeniondolea uchovu wa wiki nzima.

Halafu akaharibu. Kocha kamweleza sheria za mieleka hii: hakuna kushika chini ya kiuno, hakuna ngwala. Ni mikono na kifua tu. Sasa, Mjomba, yule Mgiriki si ulimpiga ngwala? Na Mrumi si ulimkamata kifundo cha mguu ukamzungusha?

Miaka ishirini na mitano ya ngwala! Hadithi zangu zote zimesimama juu ya ngwala! Na karatasi ya sheria imebandikwa mlangoni pale pale, naifuta vumbi kila siku, sijaisoma hata mstari. Nikamjibu kwamba zamani hizo miguu ilihesabiwa kama mikono. Akasema ahaa. Sikuipenda ile ahaa.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango kabambe. Nimemfuata mkandaji akipanga taulo zake. Nikamwomba kesho, mbele ya watu, tuonyeshane mshiko mmoja tu wa kirafiki, nami nikimsukuma aanguke. Kwa faida ya klabu. Akatikisa kichwa juu chini. Kimya ni kukubali. Nimerudi nyumbani nimechoka lakini nimeshinda.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa tumbo. Mgongo umekataa namna nyingine.

Wachezaji walikaa kuuzunguka mkeka. Mpwa wangu alikuwa juu ya ngazi yake, brashi mkononi. Tukakumbatiana mimi na mkandaji, kifua kwa kifua. Nikasukuma. Mzee hakuanguka. Nikamnong'oneza aanguke. Akaniuliza kwa macho, saa hii? Nikasukuma tena. Ni kama kusukuma nyumba ambayo wenyewe wamo. Pumzi ikanikatikia, na hapo mguu wangu, bila ruhusa yangu, ukaenda kumpiga ngwala.

Kocha akapuliza filimbi. Mgongo wangu ukalia mwaa, kama mlango usiotiwa mafuta. Mkandaji akanibeba kiunoni kama mtu anayehamisha chungu cha maua, akanilaza taratibu. Ndipo kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nikaisikia sauti yake.

"Wewe si dobi wetu wa ile safari ya mashindano? Nilikuwa nakufananisha tu. Ulitufulia vizuri sana, ndugu yangu. Hakuna aliyepata upele."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nikatazama ngazi. Mpwa wangu alikuwa anaosha brashi ambayo haikuwa na rangi.

Kocha akamwambia mkandaji basi nafasi ni yako. Akakataa. Hapendi kutazamwa. Kasema mchoraji achague mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Mkandaji kaja mpaka nyumbani kunikanda. Mikono kama pasi ya mkaa.

Mpwa wangu akaja baadaye, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikaanza kumfafanulia kuhusu udobi, kwamba ulikuwa mbinu ya kuwapeleleza wapinzani kupitia nguo zao. Akanikatiza.

"Mjomba, mimi nilijua tangu niko darasa la nne. Mama aliniambia ulikuwa dobi wa timu. Lakini Mama hajui kusimulia."

Nikageukia ukuta. Maskini. Dada kamjaza uongo mtoto mdogo vile.

Jumatano, 12 Machi

Nimeweza kutembea. Ukuta umekamilika. Tisa wamesimama wametunisha vifua. Na wa kumi, chini kulia, ni mimi! Nimepiga magoti, viganja kwenye mkeka, kitambaa mkononi, ndoo pembeni. Hata kile kiraka cha suruali kaniwekea. Sijui alikitazama lini.

Nimesimama pale muda mrefu. Rangi mbichi huumiza macho. Akauliza kama nimeipenda. Nikasema nimeipenda, na safari hii sikuongeza kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeisoma ile karatasi ya mlangoni, yote. Imenichosha. Lakini kipengele cha tisa! Kinasema mwamuzi anaweza kumwamuru mchezaji apige magoti na kuweka viganja mkekani, na mpinzani ajaribu kumng'oa kutoka juu. Magoti. Viganja. Mkekani.

Saa saba mchana ukumbi ulikuwa mtupu na mpwa wangu alikuwa amesahau kopo la ile rangi aliyochorea mkeka. Ndoo imetoweka kwa brashi sita. Kitambaa kwa mbili. Kiraka nimekiacha, ni alama ya vita.

Jioni wakaja wageni wa klabu nyingine. Wakauliza huyu wa kumi ni nani. Nikawaambia ni mimi, pambano na Mrumi, dakika ya mwisho, kang'ang'ana kuning'oa nami nimeganda pale. Mmoja wao akauliza huyo Mrumi mwenyewe yuko wapi pichani.

Nikamwambia alikuwa mkubwa mno. Hakuenea ukutani.