Mbinu Yangu ya Namanga

Jumatano, 6 Agosti
Mpwa wangu Bibiana anaolewa Jumamosi, Kajiado, Kenya! Kwetu mjomba ndiye anayemkabidhi binti kwa maneno. Mjomba ni mimi. Nisipofika atasema Remigius, baba yake mdogo, dereva wa watalii, mtu wa kusoma hotuba kwenye simu. Haiwezekani! Kanikaribisha nipande gari lake. Nimekataa. Mjomba hafikishwi kama gunia la vitunguu. Nimeazima gari, Noah ya jirani Ignas.

Alhamisi, 7 Agosti
Remigius kapita na makaratasi yake kwenye bahasha ya plastiki. Kauliza kama nina hati ya kusafiria. Na barua ya Ignas ya kuniruhusu kuvuka na gari lake. Na bima ya kadi ya njano, maana hii yetu ya ndani inaishia mpakani. Nimemcheka. Nimemwambia kule porini Sale simba alinipisha njia, itakuwa karani wa mpakani?
Mbinu ninayo. Lango la Ngorongoro mgeni analipa, mwenyeji anapungiwa mkono. Nimepita pale mara ngapi na shuka nyekundu ya Kimaasai na fimbo! Mpaka ni lango tu, limezidishiwa bendera. Mke wangu Penina kasema Mwiraqw kama mimi ndani ya shuka ya Mmaasai ni Mwiraqw mwenye baridi. Wivu.

Ijumaa, 8 Agosti
Namanga, mpakani! Nimeshusha kioo, fimbo nje, nimesalimia Kimaasai: Sopa! Ofisa kaitikia Epa, kafurahi, kisha kanimwagia Kimaasai kama bomba lililopasuka. Nikaguna kizee. Akarudi kwenye Kiswahili: mzee wangu, wewe rika gani? Nikasema rika la watu wazima. Wenzake walicheka, mmoja akaketi chini. Nikaongeza kwamba ng'ombe wangu wako ng'ambo. Akauliza ng'ombe walivuka kwa bima ya nani.
Anaitwa Lekoko. Nimemwambia nitamshtaki kwa wakubwa zake. Kasema sawa mzee, ila kwanza niegeshe pembeni.

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi leo! Nimebembeleza Uhamiaji tangu asubuhi, nimepata hati ya dharura. Mimi ruksa. Noah hapana: haina barua, haina kadi ya njano. Nimempigia Ignas, yuko shambani Baray, hapatikani.
Remigius akatokea na gari lake. Alinitazama na shuka yangu, akafungua mlango wa nyuma bila kunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Kisha akasema, shemeji, nyuma kuna nafasi kati ya magodoro ya bibi harusi. Nilipanda. Sufuria kidevuni hadi Kajiado!
Tumefika wageni wamekwisha kaa. Remigius akainuka na simu yake, mimi bado nimebanwa garini. Bibiana akauliza kwa sauti, mbele ya wakwe, mjomba wangu yuko wapi? Vijana wakanichomoa kwenye magodoro. Nikasema! Nimesema mpaka wapishi wakaacha vyungu. Sikulia. Lilikuwa vumbi la godoro.

Jumapili, 10 Agosti
Nasifiwa kila kona. Nimewasimulia wakwe nilivyouongoza msafara, maofisa wakasimama mstari kunipigia saluti. Mzee Tajewo, baba wa bwana harusi, kaniomba niwavushe wazee wao waje Karatu kututembelea. Gari wanalo. Dereva ni mimi!
Remigius kaanza habari za hati na bima. Nimemkanyaga mguu. Wazee nimewaambia makaratasi wayaache nyumbani kabatini. Njia ya Namanga ina vumbi, yatachafuka bure.